Mpango wa Gari la Idarusi

Mume wangu alifika nyumbani Jumamosi ile akiwa na karatasi mfukoni na vumbi mpaka kwenye kope. Aliegesha gari ubavuni mwa nyumba, akazima injini, halafu akabaki amekaa ndani. Mimi nilikuwa kibarazani napepeta mchele. Nikapepeta nikamaliza, nikachambua mawe, nikaenda kuosha, nikarudi, naye bado amekaa. Waliopita walimsalimu, akawaitikia dirishani kama mtu aliyeko safarini.

"Baba Sabiha, utashuka au nikuletee godoro huko huko?" nilimwuliza.

Alishuka, akapita bila kunijibu, akajilaza kwenye mkeka na viatu vyake. Sabiha ndiye binti yetu wa pekee, na wakati huo alikwisha olewa kule Moa, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu na lile gari. Kuna siku niliona gari ndilo mwenye nyumba, sisi wapangaji.

Watu wa Ngamiani walituona matajiri. Mwafrika mwenye lori lake mwenyewe, Tanga ya miaka ile, alipigiwa saluti sokoni. Lile Bedford alilinunua likiwa limeshachakaa, kwa vikuku vyangu vya dhahabu na kwa minazi aliyoachiwa na baba yake kule Pangani. Wala sikusikia hata siku moja mtu akisema gari la Idarusi na mkewe Semeni. Lilikuwa gari la Idarusi, basi, na mimi nilikuwa mke wa mwenye gari.

Alilikodisha kwenye shamba la mkonge la Kwamgunda, barabara ya Pangani, gari pamoja na mwenyewe. Maana yake shamba lilipata lori na dereva kwa mkataba mmoja, nasi tukalipwa kwa kila safari ya marobota kutoka kiwandani mpaka maghala ya bandarini. Petroli ilikuwa juu yetu, mipira juu yetu, na springi ikivunjika, juu yetu pia. Masika yakifunga barabara, njaa nayo ilikuwa yetu. Wakati wa vita vya Korea mkonge ulipanda bei hata manamba, vibarua wa mkataba, wakavaa saa, na hizo shida hatukuzisikia sana. Sasa bei ilikuwa imeporomoka, meneja mzee amerudi kwao, amekuja mwingine, kijana wa Kigiriki asiyejua kucheka.

Huyo kijana ndiye aliyetoa amri, ndiyo ile karatasi ya mfukoni. Kila mwenye gari la kukodiwa alete mpango wake wa mwaka mzima kwa maandishi: safari atakazokwenda, petroli, matengenezo, na dereva. Asiye na mpango, mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi.

"Mpango!" Idarusi alisema pale mkekani, macho kayafumba. "Mimi mpango wangu ni kuamka."

"Nani atakuandikia?"

"Timotheo. Yule ni mtani wangu, hatanitoza kitu. Mpikie wali tu."

Idarusi alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, lakini za Kizungu alizitazama kama nyayo za kuku. Timotheo alikuwa karani wa mizani pale shambani. Alikuja kutoka Tabora zamani, manamba kama wenzake, akiwa na blanketi moja, akabaki, akasomeshwa kidogo na mapadri mpaka akashika kalamu. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazigua, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu siku za misafara. Kwa hiyo kweli, hangetoza kitu. Ila mume wangu, kwa kutafuta karani wa bure, alisahau kwamba mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Mtani anasema lolote mbele yako, na wewe huna haki ya kununa.

Mimi sikusahau. Niliuosha mchele wa wali huo kwa hofu.

Kwa sababu kulikuwa na jambo nyumbani kwetu lisilosemwa. Macho ya Idarusi yalikuwa yameingia ukungu. Niliyajua hayo kwa chai. Zamani alijimiminia akiwa anaongea, hata hatazami. Mwaka ule alianza kutia ncha ya kidole ndani ya kikombe, asikie chai imefika wapi, akajiunguza, akanyamaza. Njiani akawa hasalimu mtu mpaka asalimiwe yeye, na watu wakasema gari limempa kiburi. Jioni akawa anawahi kurudi kabla jua halijatua, hata kama marobota yamebaki uwanjani yanamngoja, na mkataba wetu ulikuwa unalipa kwa safari, si kwa kuwahi nyumbani.

Hakuniambia, nami sikumwambia. Mwanamke wa kwetu humwambia mumewe mengi, tena kwa sauti, majirani wasikie. Lakini kumwambia kwamba amekwisha, hapana, hilo ulimi unalikataa. Na nitasema wazi, niliogopa. Nikimwambia aache, tutakula nini? Nisipomwambia, iko siku wataniletea habari. Basi kila asubuhi akiondoka nilianza kusikiliza, na nilisikiliza mpaka arudi. Hakuna kazi iliyonichosha duniani kama ile ya kukaa na sufuria jikoni huku masikio yako yako barabara ya Pangani.

Jumapili Timotheo alikuja baada ya misa, na sisi tumeshaswali adhuhuri. Alivaa kanzu nyeupe ya kuazima iliyomfika magotini, na amebeba wino, kalamu na karatasi za shamba kwapani.

"Hodi kwa watumwa wangu!" alipiga kelele tangu njiani.

"Weka mzigo chini, Mnyamwezi," Idarusi akamjibu. "Baba yako aliweka bandarini akafa hajalipwa."

"Alimdai babu yako. Ndiyo maana nimekuja kula wali wake."

Walicheka, nikacheka na mimi. Wakala. Kisha nikawaondolea sinia, nikatandika mkeka uani, na Timotheo akalala kifudifudi na karatasi zake kama mtoto wa chuo. Mimi nilikaa kizingitini na kinu changu kidogo, natwanga bizari ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Safari za kiangazi, safari za masika, Idarusi alizijibu zote bila kufikiri. Aliijua ile barabara kwa kila daraja na kila tope. Petroli akaijua, mipira akaijua, hata bolti za kubadilisha alizitaja moja moja. Nilimwonea fahari. Timotheo aliandika huku anamkatiza kwa matusi yake ya utani, na kila kitu kilichoandikwa alikisoma kwa sauti, mume wangu akaitikia "naam" kwa heshima kama anasomewa hukumu.

"Sasa dereva," Timotheo alisema. "Huyu mwenye gari anamlipa dereva wake nini?"

"Dereva ni mimi."

"Najua ni wewe, kichwa cha nazi. Nauliza, anakulipa nini?"

Idarusi alifikiri. "Hanilipi. Naishi tu."

"Lahaula! Mzigua kampata mtumwa na mtumwa ni yeye mwenyewe. Na hupumzika lini huyo dereva?"

"Gari likiharibika."

"Gari likiharibika analitengeneza nani?"

"Mimi."

Timotheo akatingisha kichwa, akachovya kalamu. Nilisubiri kicheko, lakini hakikutoka. Mume wangu alikuwa anajikanda kiuno kwa ngumi, taratibu, kama hajui kwamba anajikanda.

"Swali la mwisho la meneja," Timotheo alisema. "Dereva akiugua au akishindwa, nani atashika usukani?"

"Haugui."

"Alaa. Na nguzo ya mizani yangu?"

Nguzo gani, nilijiuliza. Kumbe wiki iliyopita Idarusi alirudisha gari nyuma pale shambani akaing'oa nguzo ya mizani mchana kweupe, na Timotheo alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Mimi sikuambiwa kitu.

"Ilikuwa breki," mume wangu alisema. "Nilikwambia siku ile ile. Breki."

Mchi ulisimama mkononi mwangu. Nilijua lile gari breki zake nzima. Alizitengeneza Ijumaa iliyotangulia wiki hiyo ya nguzo, hapo hapo uani, na mimi ndiye niliyemshikia spana. Niliwatazama wote wawili, nikaona Timotheo hamtazami mume wangu, ananitazama mimi. Na mimi pia ni Mzigua. Yule alikuwa mtani wangu pia.

"Mtani," nilisema, "breki ni nzima."

Nilidhani Idarusi atanifokea. Hakufoka. Aliinamisha kichwa, akaanza kung'oa nyuzi za mkeka. Kuku walikuwa wanaparura chini ya gari, na nyumba ya pili mtu anatwanga.

Ndipo Timotheo alipoinuka. Alikwenda mbele ya gari, akaichomoa hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini mpaka iwake. Akainyanyua juu.

"Nimekamata mali ya Mzigua!" alitangaza. "Kwa haki ya utani!"

Hiyo ni desturi. Mtani akikamata kitu chako, hukasiriki wala humpigi; unakigomboa kwa anachotaka yeye. Wengi hutaka kuku. Kwenye matanga watani wamewahi kuushika hata mlango wa nyumba ya marehemu, waliofiwa wakacheka na machozi yao, wakalipa.

"Unataka nini?" Idarusi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imechangamka kidogo, maana alifikiri mambo yamegeuka mchezo.

"Sitaki kuku. Nimeiweka. Kaichukue."

Baada ya kutangaza, Timotheo alikuwa ameitembeza kimya kimya bila viatu na kuiegemeza kwenye ua wa makuti, upande wenye kivuli, penye ufagio na kuni zangu. Mimi niliiona kutoka pale nilipokaa. Mtoto angeiona.

Idarusi alisimama. Jua lilimpiga usoni, akaweka kiganja juu ya macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akajipa tabasamu la mtu asiye na wasiwasi. Kisha akaanza kutembea kwa hatua za mwenye gari, moja kwa moja, mpaka kwenye ua, akainama, akakamata ukuni.

Alijua palepale kwamba si chuma, ulivyokuwa mwepesi. Nilimwona mgongo ukilegea. Lakini hakuuweka chini. Aliushika ule ukuni amesimama ametugeuzia mgongo, na hendeli iko karibu na mguu wake. Mimi nililia. Sikujificha.

"Nafuata vumbi," Idarusi alisema, bado anautazama ua. "Likipita gari jingine nalifuata vumbi lake. Vumbi likikata kona nami nakata."

"Na lisipopita?" Timotheo aliuliza kwa upole.

"Nangoja."

Akaja akaketi, na ule ukuni akauweka mapajani. Hapo akatueleza jambo la Jumatatu iliyopita. Alipopita Kigombe aliona kitu cheusi kimejaa barabara nzima, kinakwenda polepole. Akadhani ng'ombe. Akapiga honi, hawatoki. Akapiga tena, akaishikilia, akawasogelea na gari huku anatukana. Mpaka mtu mmoja akaja dirishani, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Bwana, wewe ni Mwislamu?" Walikuwa watu wamebeba jeneza wanakwenda kuzika.

"Nikateremka, nikawaomba radhi," alisema. "Nikasindikiza mpaka makaburini. Nimesimama pale natia mchanga, naye marehemu simjui, nikawa najiambia, Idarusi, huyu umemkuta ameshakufa. Mshukuru Mungu umemkuta ameshakufa."

Timotheo alipangusa kalamu kwenye upindo wa kanzu, nayo kanzu si yake.

"Miraji anatafuta kazi," alisema. "Dereva mzuri. Meneja anamjua. Tuandike Miraji."

"Andika."

Akaandika, akatia na ujira wa Miraji, kisha akaanza kujumlisha na kutoa, midomo inacheza. Alifuta, akarudia. Nikamwona anakunja uso.

"Mtani," aliniambia mimi, si Idarusi, "nikimtoa Miraji, na petroli, na mipira, hapa chini hakibaki kitu. Labda ya mafuta ya taa na chumvi. Hili gari halijawahi kuwalisha, mtani wangu. Miaka yote hii mmekula ujira wa dereva tu."

Niligeuka nikalitazama lile Bedford. Lilikuwa limesimama pale na boneti yake imefunguka upande, na vikuku vyangu vimo ndani yake. Watu wote wa mtaa walikuwa wakisema gari limetutoa. Kumbe gari halikumtoa mtu. Ni kile kiuno anachokikanda kwa ngumi ndicho kilichotuvika na kumwoza Sabiha, na sisi tukaenda kulisifu bati. Nililichukia siku ile kama mke mwenza.

"Basi futa," Idarusi alisema. "Mfute Miraji. Niandike mimi. Mwaka mmoja tu, nijikaze mwaka mmoja, nitakwenda asubuhi asubuhi wakati barabara haina watu. Halafu tutaona."

Timotheo hakufuta. Aliishika kalamu juu ya karatasi, tone la wino likaning'inia.

"Futa, nimesema!"

"Mimi namwandikia Mzigua," Timotheo alijibu, "na Wazigua hapa ni wawili."

Idarusi akanigeukia. Alinitazama, au alitazama pale ilipotoka sauti yangu ya kulia, sijui kipi. Uso wake ulikuwa umechoka kiasi ambacho sijakiona hata kwa maiti, maana maiti hutulia.

"Haya, mama. Sema wewe. Niendeshe, au tusile?"

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali ningepata pa kushika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kwa sababu yeye mwenyewe nguvu za kuchagua zimemwishia. Na mimi niliyekaa mwaka mzima naogopa njaa, nilipoulizwa hivyo, mdomo wangu haukutafuta neno.

"Tusile," nilisema.

Timotheo akasoma kwa sauti alivyoandika: mwenye gari ni Idarusi, dereva ni Miraji. Mume wangu akachukua kalamu, akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu chini ya maneno ya Kizungu, mkono ukienda wenyewe bila kuhitaji macho. Halafu akamrudishia kalamu, akasema kwamba wali ulikuwa na chumvi nyingi. Haukuwa na chumvi nyingi.

Meneja aliukubali mpango. Swali lake lilikuwa moja tu, kama Miraji ni mlevi. Basi mwezi ulipoandama, Miraji akaja alfajiri, mtu mpole, akampa mume wangu shikamoo na mimi akanipa. Mimi nilikuwa jikoni tangu kabla ya adhana, nakoroga unga wa vitumbua, maana biashara hiyo niliyoiacha nikiwa msichana ilibidi niirudie, na mabega yangu hayakuwa tena ya msichana. Miraji akazungusha hendeli, gari likawaka, likatoka. Idarusi alisimama mlangoni akilisikiliza mpaka kona ya msikiti.

"Anakwaruza gia," alisema.

Nilidhani atakaa kibarazani aanze kulalamika, na nilikwisha jiandaa kwa malalamiko. Akaingia ndani. Nilipomaliza kukaanga kikaango cha kwanza nikaenda kumchungulia, nikamkuta amelala juu ya kitanda, amenyooka, mikono imefunguka. Tangu nimeolewa naye sikuwahi kumwona amelala jua limetoka. Alikuwa anakoroma kama sijapata kumsikia.

Nikachukua kigoda changu nikakiweka mlangoni, na vitumbua vyangu nikaviuzia hapo hapo badala ya kwenda sokoni. Alikuja jirani yetu Uweso kumwulizia, ana mzigo wake wa nazi.

"Idarusi kasafiri," nilimwambia.

"Kasafiri? Mbona gari nimekutana nalo, anaendesha Miraji?"

"Kasafiri bila gari."

Akanitazama, akaona uso wangu, akanunua kitumbua akaenda zake. Wakaja wengine, nikawajibu hivyo hivyo. Jua likapanda. Adhuhuri ikaadhiniwa msikiti wa mtaani, nikasikia wanaume wanapita na ndara zao kwenda kuswali, na nilijua wajibu wangu ni kuinuka nikamwamshe aswali. Sikuinuka. Nilikaa pale mlangoni nimeizuia njia kwa mwili wangu, masikio yangu hayako barabara ya Pangani wala popote, yanamsikiliza anavyokoroma, mpaka kivuli cha nyumba kikavuka barabara na alasiri ikakaribia. Nikasema, kama ni dhambi, na iandikwe kwangu.